Usuli wa Othello: namna ya kuuandaa kabla ya kupanda jukwaani

Kikundi cha maigizo au darasa la skuli likichagua Othello, tamthiliya ya Shakespeare kuhusu jemadari mweusi wa Venice anayedanganywa na askari wake Iago mpaka akamuua mkewe Desdemona, kazi ya kwanza si kugawana wahusika. Kazi ya kwanza ni usuli, yaani yale mambo ambayo mtazamaji wa London mwaka 1604 aliingia nayo kichwani bila kuambiwa na mtu, na ambayo mtazamaji wa Mji Mkongwe au Chake Chake hanayo. Hapa tunaeleza jinsi ya kuuandaa kwa mikutano minne ya dakika 80 (vipindi viwili vya skuli vikiunganishwa), kwa kikundi cha watu 12 hadi 20.

Kanuni ni moja, na ukiishika mengine yatakaa sawa. Kila jambo la historia lifungwe kwenye kitu kinachoonekana au kusikika ndani ya tamthiliya: mstari, kitambaa, barua, dirisha. Kabla ya kuliandika ubaoni jiulize: mwigizaji akilijua hili atafanya nini ambacho asingelifanya? Usipopata jibu, liache. Kwa kipimo hicho maisha ya Shakespeare, alikozaliwa na aliyemuoa, hayana nafasi hapa, ingawa ndiyo yanayokula kipindi kizima cha kwanza katika skuli nyingi. Wanafunzi hutoka wakijua mji wa Stratford na bado hawajui kwa nini mzee Brabantio, baba yake Desdemona, anapiga kelele usiku.

Tayarisha karatasi nne za manila, kalamu za wino mzito za rangi mbili, kamba ya mita 45, kitambaa cheupe cha pamba, na nakala za tamthiliya. Kuhusu nakala, angalia mapema. Othello ilichapwa mara mbili kwa namna mbili: kitabu kidogo cha 1622, kisha mkusanyo mkubwa wa tamthiliya za Shakespeare wa 1623. Ule wa 1623 una takriban mistari 160 isiyomo katika wa kwanza, pamoja na wimbo wa Desdemona kabla ya kulala. Wa 1622 nao una viapo vingi vya kumtaja Mungu ambavyo wa pili umeviondoa au kuvipunguza makali, kwani sheria ya 1606 iliwapiga marufuku waigizaji kulitaja jina la Mungu ovyo jukwaani. Vitabu vya leo huchanganya yote mawili. Nusu ya kikundi ikishika toleo moja na nusu toleo jingine, mazoezi yatakwama kila ukurasa. Chagueni moja na mtoe nakala zote humo.

Mkutano wa kwanza: vita na barua tatu

Chora bahari ya Mediterania kwenye manila. Usihangaike na umbo la pwani. Weka nukta nne tu: Venice kaskazini, Istanbul, kisiwa cha Rhodes, na Kupro mashariki kabisa. Kisha andika tarehe kwa rangi moja. 1489: Venice inaichukua Kupro. 1522: Waturuki wanaiteka Rhodes. 1570: Waturuki wanashuka Kupro, na Septemba mji wa Nicosia unaanguka. Agosti 1571: Famagusta, ngome ya mwisho, inasalimu amri. Oktoba 7, 1571: majeshi ya Wakristo yanashinda vita vya majini vya Lepanto, lakini kisiwa hakirudi. 1573: Venice inatia saini na kukiacha. Sasa chukua rangi ya pili, na chini ya yote hayo andika 1604. Tarehe 1 Novemba mwaka huo tamthiliya ilichezwa katika kasri la Whitehall, mbele ya ukumbi wa mfalme James wa Kwanza.

Waache waitazame ile nafasi kati ya 1571 na 1604. Katika tamthiliya Waturuki wanazamishwa na dhoruba, watu wanawasha moto wa furaha, Othello anashuka pwani kama shujaa. Kila aliyekuwa ukumbini alijua kuwa Kupro ilikwisha kwenda zaidi ya miaka thelathini nyuma. James mwenyewe alikuwa ametunga utenzi kuhusu Lepanto alipokuwa bado kijana mfalme wa Uskoti. Kwa hiyo ile sherehe ya tendo la pili isichezwe kama furaha kamili ya harusi. Ni furaha ya watu waliokaa juu ya kuti kavu nao hawajui, na sisi tunajua. Mwongozaji asiyejua tarehe hizi huijaza ngoma na vigelegele, na hatari yote ya kisiwa inayeyuka.

Ndipo ziletwe barua. Katika onyesho la tatu la tendo la kwanza viongozi wa Venice wamekaa usiku na habari zinazopingana: barua moja inasema merikebu za Waturuki ni 107, ya pili 140, ya tatu 200. Waigizaji wachanga huyapita haya mbiombio, wakiona ni hesabu za kuchosha kabla hadithi haijaanza. Wazuie. Wape watu watatu vikaratasi vitatu wasome kwa zamu, mwingine aigize baraza. Baraza halikasiriki kwa tofauti za hesabu. Linasema hesabu hutofautiana, lakini zote zinakubali kuwa jeshi linaelekea Kupro. Punde anaingia baharia na kudai Waturuki wamegeukia Rhodes. Seneta mmoja anapima: Kupro ina faida kubwa zaidi kwao na ulinzi wake ni dhaifu zaidi, basi hii ni hila ya kututazamisha pembeni. Na kweli ilikuwa hila.

Huo ndio ufunguo wa tamthiliya nzima, na umewekwa mwanzoni makusudi. Wazee wa Venice wanapewa ushahidi wa uongo, wanaupima, wanaukataa. Othello, aliyekuja kusimama chumba hichohicho, atapewa ushahidi wa uongo akiwa kisiwani, mbali na baraza, naye hatoupima. Kikundi kikilielewa hili siku ya kwanza, mnakuwa mmeokoa wiki mbili za mazoezi.

Mkutano wa pili: jemadari mgeni na neno Moor

Swali litakaloulizwa na kila mtu ni hili: ikiwa watu wa Venice walimdharau mtu mweusi, vipi walimpa jeshi? Jibu limo katika siasa yao. Venice ilikuwa jamhuri ya matajiri walioogopana. Raia mwenye jeshi nchi kavu angeliweza kuugeuza mkuki na kujifanya mfalme, kwa hiyo desturi ikawa kuajiri majemadari wa nje kwa mkataba. Gattamelata, aliyetoka Narni, ni mmoja wao. Mwingine, Carmagnola, walipomshuku usaliti walimkata kichwa mwaka 1432. Mgeni alikuwa salama kwao kwa sababu hakuwa na ukoo wala kura, na siku akichosha aliweza kuondolewa. Mwaka 1599 kitabu kuhusu serikali ya Venice kilitafsiriwa kwa Kiingereza, hivyo mambo haya yalikuwa yakisomwa London.

Kwa Unguja mfano haupo mbali. Masultani walitumia askari wa Kibulushi kwa miaka mingi, na mwaka 1877 Sultani Barghash alimkabidhi afisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews, kazi ya kumuundia jeshi jipya. Mtawala anamchagua mtu asiye na ndugu mjini. Mfano huu utumike kwa jambo hilo moja tu, nafasi ya jemadari mgeni, kisha uachwe.

Tunasema uachwe kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Mtu husema: tumfanye Othello wa kabila hili, Desdemona wa kabila lile, watu wa hapa wataelewa upesi. Wataelewa upesi, ndiyo, lakini wataelewa jambo jingine. Visiwa vyetu vina majeraha yao, na yaliyotokea hapa hayafanani na ya Venice. Ukiyavisha juu ya tamthiliya utawakosea watu na utaiharibu kazi, kwani watazamaji watakaa wakihesabu nani kasemwa na nani badala ya kumsikiliza Iago. Mwacheni Othello awe mgeni wa Venice.

Sasa neno lenyewe. Othello anaitwa Moor tangu jina la tamthiliya. Neno hilo halikuwa na mpaka ulio wazi: liliweza kumaanisha mtu wa Moroko, Muislamu yeyote, au mtu mweusi awe dini gani. Usiligeuze kuwa neno moja la Kiswahili. Ukiandika "Mwarabu" umelipotosha, ukiandika "Mwafrika" umelipotosha upande wa pili. Acha Mmoor, kisha eleza.

Maelezo mazuri yapo Ngome Kongwe. Wareno walioingia bahari yetu tangu kina Vasco da Gama waliwaita Waislamu wa pwani hii mouros, na hilo ni neno lilelile. Mababu waliokuwa Unguja, Pemba na Mombasa waliandikwa Wamoor katika vitabu vya Wareno. Kanisa dogo la Wareno, ambalo mabaki yake yameingizwa ndani ya kuta za Ngome Kongwe, lilijengwa karibu na mwaka 1600, miaka ileile tamthiliya ilipokuwa ikiandikwa. Na meli ya Kiingereza, Edward Bonaventure ya James Lancaster, ilitia nanga Unguja mwishoni mwa 1591 na ikakaa mpaka Februari 1592. Habari za safari hiyo zilichapwa London. Kikundi kikiwa mjini, fanyieni sehemu hii palepale, mmesimama penye kuta. Kwa Pemba mtaanzia kwenye mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno. Lengo ni moja, mwigizaji ahisi kuwa neno hili lilipotamkwa lilimgusa na yeye.

Upande wa London yatosha mambo mawili. Mwaka 1600 balozi wa Sultani wa Moroko, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alifika na ujumbe wake akakaa miezi kadhaa, wakizungumza na Malkia Elizabeth juu ya muungano dhidi ya Hispania. Picha yake iliyochorwa wakati huo ipo mpaka leo: mtu wa makamo, kilemba cheupe, joho jeusi, upanga kiunoni, macho yanakutazama bila kuyumba. Chapeni picha hiyo kwa ukubwa muitundike. Jambo la pili ni kwamba serikali ya malkia huyohuyo, mwaka 1596 na tena 1601, iliandika barua za kutaka watu weusi waliokuwa Uingereza watolewe nchini. Mgeni anayehitajika anapewa kiti, mgeni asiyehitajika anaonyeshwa mlango. Baraza la Venice linamwita Othello shujaa usiku wa vita. Mwigizaji wa Othello ajue kuwa heshima ile ina sharti, na Othello mwenyewe analijua hata kama halisemi.

Ongezeni hapa jina Iago, dakika mbili tu. Ni jina la Kihispania, na mtakatifu wa Hispania Santiago, yaani Mtakatifu Iago, aliitwa muuaji wa Wamoor. Msikilizaji wa 1604, aliyekulia katika vita na Hispania, hakuhitaji kuambiwa.

Mkutano wa tatu: ndoa, uchawi, leso

Mkutano huu ndio mrefu. Ukizidi dakika 80 uachwe uzidi.

Desdemona ameolewa usiku, baba hana habari. Darasa la Zanzibar likilisikia hili, mkono wa kwanza kunyanyuliwa utauliza: walii alikuwa nani? Swali ni la haki kabisa, na usipolijibu vizuri tamthiliya nzima inakufa. Kwa mtu aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, ndoa ya mwanamwali bila walii haikusihi. Basi hawa si mume na mke, Brabantio ana haki, na yanayofuata ni malipo ya dhambi. Hakuna tanzia tena, kuna onyo tu. Wapo waliocheza Othello nzima kwa fikra hiyo, na Desdemona akatoka jukwaani kama binti aliyejitakia.

Kwa hiyo ielezwe sheria yao, taratibu. Kwa kanisa la Kikatoliki, ambalo ndilo la Venice, uamuzi wa mwaka 1563 ulitaka padri na mashahidi. Idhini ya baba haikuwa sharti la kusihi kwa ndoa. Kwa Uingereza, kanuni za kanisa za 1604, mwaka uleule, ziliwakataza walio chini ya miaka 21 kuoana bila idhini ya wazazi, lakini ndoa ikishafungwa haikuvunjika kwa kukosa idhini hiyo. Yaani ni aibu kubwa, ni utovu wa adabu, ni hasara ya nyumba, na ni ndoa. Yote manne kwa pamoja. Doge, mtawala wa Venice, hana uwezo wa kuivunja, na ndiyo maana Brabantio hashitaki ndoa. Anashitaki uchawi.

Mwambie mwigizaji wa Brabantio aisome hotuba yake kwa jicho hilo. Mzee ni seneta, anajua sheria. Anajua kwamba binti akisema "nilitaka mwenyewe" kesi imekwisha, basi lazima athibitishe kuwa hakutaka mwenyewe, kwamba alinyweshwa dawa. Ni hoja ya wakili huku moyo unavuja damu. Na shitaka hilo halikuwa mchezo: mwaka 1604 bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya uchawi, na ndani yake umetajwa uchawi wa kumvuta mtu kwenye mapenzi ya haramu. Doge, kabla hajajua mshitakiwa ni nani, anaahidi kitabu cha sheria kisomwe kwa ukali wake wote. Pemba, maneno haya ya dawa na kafara huweza kuleta kicheko ukumbini, kwa kuwa watu wamechoka kusemwa kwa jambo hilo. Dawa ya kicheko ni kasi ndogo. Brabantio aseme polepole, akimtazama binti yake wala si Othello.

Jibu la Desdemona nalo lina mantiki ya kisheria: mama yangu alikutanguliza wewe mbele ya baba yake, nami nadai haki hiyohiyo kwa mume wangu. Hapandishi sauti. Waigizaji wa kike wengi hulicheza kwa kulia. Kilio hapo kinampa ushindi Brabantio. Ikumbukwe pia kuwa mzee hafi kwa Iago wala kwa vita. Mwishoni tunaambiwa alikufa kwa huzuni ya ndoa hii. Aliyemcheza katika tendo la kwanza asipotuachia uzito wa mtu mwenye kupenda, habari ya kifo chake inapita kama tangazo.

Kisha leso. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi. Neno leso tumelipata kwa Wareno, kwao ni kitambaa cha mkono, na kanga yenyewe inasemekana ilianza kwa kuunganisha leso za kuchapwa, sita pamoja. Lakini zawadi ina mtego. Kwa sababu Mombasa leso ni kanga, kuna vikundi vinavyomkabidhi Desdemona kanga nzima. Haifai. Othello analalamika kuwa kitambaa ni kidogo mno, na kikidondoka hawakioni wala hawarudi kukiokota. Upande mmoja wa kanga una karibu mita moja na nusu. Ukidondoka, ukumbi mzima unauona na hakuna wa kuamini kuwa wawili wale wameukanyaga wakaenda zao. Kata kitambaa cha sentimita 35 hadi 40 kila upande.

Kimedariziwa stroberi, tunda jekundu la ukubwa wa ncha ya kidole gumba, wengi hapa hawajaliona. Usilibadilishe kuwa karafuu. Kinachotakiwa ni nyekundu juu ya nyeupe, na sababu inajulikana kwa mtu wa pwani bila mhadhara: kisarawanda. Kitambaa cheupe chenye madoa mekundu, alichopewa mke na mumewe mwanzo wa ndoa, kinachotakiwa kuonyeshwa kikiulizwa. Baadaye Desdemona anamwambia Emilia, mtumishi wake na mke wa Iago, atandike mashuka ya harusi kitandani, na juu ya mashuka hayo ndipo anapouawa. Kitambaa kidogo na shuka kubwa ni kitu kimoja kwa saizi mbili. Huenda watazamaji wa kwanza waliona uhusiano huo. Wa Unguja wataona upesi zaidi ikiwa rangi ni sahihi. Darizi matunda tisa hadi kumi na mawili, kila moja sentimita nne, ili mtu aliyekaa mita kumi ayaone. Rangi ya maji haifai, inachujuka kwa jasho la mikono wiki ya pili ya mazoezi.

Kisha fanyeni hili. Kaeni duara kwenye mkeka, leso ipite mkono kwa mkono kwa mfuatano wa tamthiliya, kila anayeipokea aseme anaitaka kwa nini. Othello kampa Desdemona. Desdemona anataka kumfunga nayo kichwa, inadondoka. Emilia anaiokota. Iago anamnyang'anya. Cassio, afisa msaidizi wa Othello anayesingiziwa kuwa na Desdemona, anaikuta chumbani kwake, hajui ya nani. Bianca, hawara wa Cassio, anapewa ainakili nakshi yake, kisha anarudi na kumtupia Cassio mbele ya Othello aliyejificha. Katika njia yote hiyo hakuna hata mmoja anayeuliza mwenyewe ni nani kwa nia ya kumrudishia. Kuhusu kunakili: Emilia na Cassio wote wanataka nakshi itolewe mfano wake. Mwombeni mama anayeshona kofia aje aonyeshe namna anavyolitoa ua la kofia ya mwenziwe na kulihamishia kwenye kitambaa kipya. Dakika kumi za kumtazama zinaeleza kwa nini ombi la Cassio kwa Bianca linamuuma: anamfanyia kazi ya mikono, ya masaa, kwa kitu anachoamini cha mwanamke mwingine.

Othello anasema leso ilitoka kwa mganga wa kike wa Misri akampa mama yake, na ina nguvu ya kumfunga mume. Tendo la mwisho anasema baba yake ndiye aliyempa mama yake. Msisahihishe. Mwigizaji achague: ama alitunga lile la kwanza ili kumtisha mkewe, ama anavua uchawi wote mwishoni na kubakiwa na ukweli mtupu. Achague, asiache wazi.

Jambo la mwisho la mkutano huu ni dogo nalo hupotea kila mara. Wazungu wa enzi hiyo walimsema mume aliyesalitiwa kuwa ameota pembe kichwani. Othello anaposema anaumwa na kipaji, anasema pembe. Desdemona anafahamu ni uchovu wa kukosa usingizi, anatoa leso amfunge palepale. Kwetu pembe hazina maana hiyo, kwa hiyo mkono lazima useme: vidole viwili vikae pande mbili za kipaji, vitulie kidogo, kisha vishuke.

Mkutano wa nne: jukwaa, na Halab

Tokeni uwanjani na kamba. Vipimo vya jukwaa la Globe, ukumbi wa kikundi cha Shakespeare, havikubaki, lakini mkataba wa ukumbi wa Fortune wa mwaka 1600, uliojengwa kwa kuiga Globe, umebaki: upana futi 43, kina futi 27 na nusu. Ni mita 13 kwa 8.4. Kamba ya mita 45 inazunguka yote. Weka watu pande tatu, karibu kabisa. Ndipo mwigizaji wa Iago afanye moja ya hotuba zake za peke yake ndani ya kamba. Ataona mwenyewe kuwa hasemi na nafsi yake, anawaambia watu waliosimama hatua mbili mbele yake, na kwa kunyamaza kwao wanakuwa washirika wake. Kumweka nyuma ya jukwaa chini ya taa moja ni desturi ya kumbi za baadaye.

Maonyesho yalikuwa mchana, juani. Usiku uliashiriwa kwa mienge, mishumaa, na mavazi ya kulalia. Skuli isiyo na umeme wa uhakika haijapungukiwa na kitu: chezeni saa tisa alasiri, mshumaa uwe mkononi mwa Othello anapoingia chumbani, na watu watajua ni usiku. Onyesho la kwanza la tendo la kwanza, Iago akimwamsha Brabantio dirishani, lijaribuni chini ya roshani ya kweli Mji Mkongwe, kwa ruhusa ya wenye nyumba. Sauti inayopanda kutoka uchochoroni hadi juu ina ukali ambao ukumbi hautoi, na mwigizaji akishauzoea ataubeba.

Wanawake wote walichezwa na wavulana, na Othello wa kwanza, Richard Burbage, alikuwa Mzungu aliyejipaka rangi. Mwanamke wa kwanza kupanda jukwaa la Uingereza kwa malipo yaaminika alimcheza Desdemona, Desemba 1660. Mmarekani mweusi Ira Aldridge alimcheza Othello London miaka ya 1820 na akarudi Covent Garden 1833. Hii inatosha kujibu swali la rangi: hakuna wa kujipaka chochote.

Malizieni kwa hotuba ya mwisho, kwa sababu hadhira ya visiwani haitoipokea kama hadhira ya London. Othello anasimulia kuwa zamani, mjini Halab (Aleppo) kule Shamu, Mturuki mwenye kilemba alimpiga mtu wa Venice na kuitukana serikali yake, naye akamkamata koo yule mbwa aliyetahiriwa, akamchoma hivi, na hapo anajichoma mwenyewe. Mbele ya ukumbi uliojaa kofia, neno hilo ni kofi. Wengine hulikata. Sisi tunasema lisikatwe, ila liandaliwe.

Liandaliwe hivi. Kwanza kikundi kijue kuwa Othello wa tamthiliya ni Mkristo: Iago anataja ubatizo wake waziwazi. Mtazamaji wetu, akisikia Moor, atadhani ni Muislamu tangu mwanzo, basi msalaba mdogo shingoni tangu onyesho la pili utaliondoa hilo bila maneno. Pili, mwigizaji akumbuke alichojifunza mkutano wa pili: huyu ni mtu aliyekodiwa kuwapiga Waturuki, heshima yake yote imesimama juu ya kuwapiga, na sasa anatumia kisu kilekile juu ya mwili wake. Anayemtukana na anayetukanwa ni mmoja. Msalaba aushike kwa mkono wa kushoto anapotamka tusi, na kisu kiwe cha kulia. Asiharakishe kati ya "hivi" na pigo. Ahesabu moja, mbili moyoni. Katika hesabu hiyo ndipo ukumbi unapofahamu Mturuki ni nani.